Salamu Zangu Zinachelewesha Galaksi?

Leo nimefanywa mfano wa ulimwengu mzima, na sijui kama nilisifiwa ama nilitukanwa.

Mpwa wangu Nafula, yule wa chuo kikuu, alikuwa anahutubia watu kuhusu anga mara ya kwanza, katika ukumbi huko Kawangware. Spika ya kumkuzia sauti nilikuwa nayo mimi.

Nilitoka mtaani kwangu Mashimoni mapema. Lakini mnanijua, mtu wa hadhi yangu hapiti watu bila kuwasalimia.

Kufika, watu wameanza kuondoka na mtoto wa dada yangu anakaribia kulia.

Akashika maiki.

"Angani kuna maada ya giza. Haionekani, lakini mvuto wake ndio unakusanya galaksi. Huenda chembe zake zinagongana njiani. Zikigongana sana, zinachelewa kukusanyika, na galaksi ndogo hazizaliwi. Kama anko wangu huyu. Akisalimia kila mtu, hafiki!"

Ukumbi wote kicheko. Waliokuwa mlangoni wakarudi kuketi.

Nikasimama. "Lakini mimi nikisalimia ndio kibanda changu cha soko la Toi kinajaa wateja!"

"Anko, keti."

Wote wakaelewa isipokuwa mimi. Tukitoka, mama mmoja akaninyooshea mkono wa salamu, nikasita.

Mliosoma, nielezeni polepole: ningeushika, ni galaksi gani ingekufa?