Práxedes, mwanamke anayewafundisha farasi kuanguka

Saa moja asubuhi, vumbi bado limelala katika mto mkavu nje kidogo ya Tabernas, kusini mwa Hispania. Práxedes Úbeda, mwenye miaka sabini na mitano, amepiga magoti akichambua udongo kwa vidole. Kila kokoto anayoipata anaitupa nyuma ya bega.

"Mtoto atalala hapa," anasema. "Wewe ungekubali kulala juu ya mawe?"

"Mtoto" huyo ni farasi jike mwekundu, mzito kama magunia matano ya mahindi. Aliyempanda ni Araceli, binti wa Práxedes. Wanakuja mbio. Mama anapiga mluzi, Araceli anavuta hatamu, na farasi anajibwaga ubavu kwenye udongo laini kama mtu aliyerudi kazini akakiona kitanda. Kisha anainuka, anajikung'uta na kunyoosha shingo kudai karoti yake.

"Amekufa vibaya!" anafoka mzee aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mguu umetikisika. Maiti gani anatikisa mguu?"

"Wee Ginés, nani kakuuliza?"

"Mimi nimekufa katika filamu arobaini, mke wangu. Nisiposema mimi, aseme nani?"

Ginés ni mumewe. Enzi ambazo jangwa hili lilijaa makauboi wa filamu wa kukodi, yeye alipigwa risasi, akanyongwa, na mara moja akazikwa akiwa amesahau kuvua saa yake ya kisasa mkononi hadi ikabidi maziko yapigwe picha upya. Lakini hata yeye anakiri kwamba anguko linalokumbukwa hapa Tabernas si lake.

Lilitokea mwaka 1968, ilipopigwa filamu ya *Mgodi wa Ndugu Wawili*. Ni kisa cha ndugu waliorithi mgodi wa dhahabu na kugombana mpaka mji mzima ukashika bunduki. Mwishoni jambazi anatoroka na mfuko wa dhahabu, anapigwa risasi, na farasi anaporomoka naye.

Siku hizo farasi aliangushwa kwa waya. Ulifungwa miguuni, ncha ya pili kwenye kigingi, kisha mnyama akaachwa akimbie mpaka waya uishe. Wengi hawakuinuka tena.

Casimiro, baba yake Práxedes, ndiye aliyewakodishia farasi watu wa filamu. Safari hiyo walimtaka Garbanzo, farasi mzee aliyepewa jina la dengu kwa rangi yake. Casimiro akakubali.

"Baba hakuwa mkatili," anasema Práxedes. "Mezani tulikuwa watu saba, na mvua ilikuwa imetusahau."

Lakini Práxedes alikuwa amekua pamoja na Garbanzo. Tangu utotoni, siku za joto, alikuwa akimgusa bega na kuvuta hatamu, farasi analala, naye anajilaza kwenye kivuli cha tumbo lake. "Ulikuwa uvivu wetu sisi wawili," anasema akicheka.

Siku ya kupiga picha waya ulikuwa umeshafungwa. Práxedes, wakati huo ana miaka kumi na minane, alipita katikati ya kamera, akainama na kuanza kuufungua. Baba yake akamdaka mkono.

"Umerukwa na akili? Unaniaibisha mbele za watu!"

"Baba, ataanguka. Nitamwangusha mimi. Akikataa, mfungeni waya wenu, nami sitatia neno."

Mwongozaji, Mwitaliano mwenye haraka zake, alitazama jua, akamtazama msichana, akacheka. "Mbandikeni masharubu," akaamuru.

Wakambandika. Wakamvika koti lililomfika magotini na kumkabidhi mfuko wa changarawe iliyopakwa rangi ya dhahabu. Wasichokijua ni kwamba Garbanzo alizoea kujilaza chini akiwa amesimama tu au akitembea polepole. Akiwa mbioni, hakuwahi hata siku moja.

Bunduki ikalia. Práxedes akavuta hatamu, akaegemeza mwili wote. Farasi akaendelea kukimbia.

"Moyo ulinishuka hadi kwenye viatu," anakumbuka. "Nikamwinamia sikioni, nikamwambia, 'Lala, mzee wangu. Lala twende nyumbani.'"

Wakaanguka wote wawili kwa kishindo. Mtulinga wa Práxedes, mfupa wa begani, ukavunjika. Garbanzo akajizoa, akasimama kwa miguu yote minne na kupiga chafya. Casimiro alikuja mbio, akampita mwongozaji, akampita farasi, akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Alinishika uso kwa mikono miwili. Masharubu yakabaki kiganjani mwake," anasema Práxedes. "Akawa analia huku ameyashika, hajui ayaweke wapi."

Tangu siku hiyo Casimiro hakuruhusu waya kumgusa farasi wake yeyote. Baadhi ya kampuni zilimhama, na mwaka uliofuata ulikuwa mgumu. Filamu ilipofika sinema ya mji wa Almería, mama yake Práxedes, mwanamke asiyezoea kupaza sauti hata sokoni, alisimama gizani akapiga kelele: "Jambazi huyo ni binti yangu!" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Garbanzo alikufa kwa uzee, miaka tisa baadaye, akiwa zizini.

Práxedes amefundisha farasi zaidi ya sitini tangu hapo. Msimu wa filamu unamlipa kiasi cha euro mia moja na ishirini kwa siku, lakini kuna miezi isiyo na filamu hata moja, na hapo familia huishi kwa maonyesho ya watalii. Nyonga yake ya kulia ni ya chuma. Hayo hayamsumbui.

"Hakuna farasi aliyeanguka kwa mkono wangu akabaki chini," anasema. "Hapo siongezi chumvi. Muulize yeyote katika bonde hili."

Majira ya kuchipua anakusudia kuligeuza zizi la baba yake kuwa shule ya wapanda farasi wa filamu. Paa limeshaezekwa upya, na Araceli ndiye atakayekuwa mwalimu mkuu.

"Nikiondoka, nataka kazi hii ibaki," anasema Práxedes, akimpangusa farasi udongo ubavuni kwa kiganja. "Nataka mtu aketi sinema, aone farasi anaporomoka, na asifumbe macho. Ajue tu kwamba picha ilipokatwa, mnyama aliinuka akaenda kula."