Dada na Lori Alilopewa kwa Dharau

Mimi simwiti tena shemeji. Yule mwanamume aliyekuwa mume wa dada yangu namwita Bwana Kioo, maana hata umtume kumfuata daktari, kwanza atasimama kwenye kioo cha pembeni cha lori achane nywele. Mkinisikia namsema vibaya, msinizuie. Nina haki yangu, na bado sijamaliza.

Siku familia zilipokaa kuvunja ndoa yao, kulikuwa na malori mawili uani. Hakuna asiyejua kwamba yalinunuliwa kwa jasho la wote wawili. Dada alikuwa anadamka kupakia, anaendesha mume akiwa hoi, kisha anarudi nyumbani kupika kama vile alikuwa amelala mchana kutwa. Wazee wakaamua kila mmoja achukue lori moja. Bwana Kioo akawahi lile zima. Dada akaachiwa lile lililowahi kulala mtaroni: kichwa kimebonyea upande wa kushoto, mlango haufungi, ubavu wa bodi umeoza kiasi kwamba unaweza kupitisha mkono ukamsalimia mtu wa upande wa pili.

"Injini ni nzima," alisema mbele ya wazee. "Yaliyobaki ni urembo tu. Na wanawake si mnapenda urembo?"

Wajomba zetu wengine wakacheka, wajomba zetu wa damu! Dada hakucheka wala hakulia. Alijifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akaniambia, "Mdogo wangu, twende tukalivute." Mimi na yeye tulilala kitanda kimoja utoto wetu wote, namjua. Dada akinyamaza namna ile, kuna mtu atakiona cha mtema kuni.

Tulilivuta mpaka nyuma ya nyumba yangu, kwa sababu yeye nyumba hakuwa nayo tena. Yeye na watoto wake wawili walihamia kwangu, wakalala sebuleni. Mimi sikuona tabu, lakini yeye aliona. Kila nikipakua chakula alikuwa anasema ameshiba, na mimi nilikuwa naona shingo yake inavyokonda. Lori lile lisipopata kazi, watoto wangeendelea kulala chini sebuleni kwangu, na Bwana Kioo angeendelea kupita barabarani akipiga honi. Maana alikuwa anapiga, yule mtu asiye na haya. Akifika usawa wa geti langu, honi mbili, kisha anakanyaga mafuta.

Dada alimleta fundi wa karakana alitazame. Fundi alilizunguka mara moja, akakuna kidevu, akasema, "Dada yangu, hili uza chuma chakavu." Alipoondoka, dada akaingia ndani, akatoka amevaa suruali ya zamani na shati lililochanika, nyundo mkononi.

"Nitalitengeneza mwenyewe."

"Wewe?" nikamuuliza.

"Kwani lile lake lilikuwa linatengenezwa na nani?"

Ilikuwa kweli. Bwana Kioo ana mkono wa birika. Bodi ya lori ikitoboka, karakana haendi. Anamwita mke wake na kumwambia maneno matatu tu: "Ziba, paka, liende." Dada alikuwa anambembeleza, tukate sehemu iliyooza tuweke bati zima, kutu haifi kwa kufunikwa. Anajibiwa kwamba anapoteza muda. Basi alikuwa anasokomeza kadibodi kwenye tundu, anaisiliba kwa puti, ile rojo ya kuzibia mabati, ikikauka anaisugua kwa msasa mpaka inateleza, halafu rangi juu. Ukitazama unasema gari limetoka dukani. Chini yake kutu inaendelea kula. Ilikuwa kama kumpaka poda mgonjwa.

Kwenye lori lake mwenyewe aliapa kadibodi haitaingia. Alianza na sabuni na mafuta ya taa, akaosha grisi yote, kwa sababu rangi haishiki penye mafuta. Kisha akachukua tindo na nyundo, akaanza kukata kutu. Alikata mpaka nikaogopa. Kila alipofikiri amefika kwenye chuma kizima, akigonga kidogo, kinamomonyoka, anasogea mbele. Jirani yetu alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tunalitengeneza au tunalichinja.

Na alikuwa anapiga huku anasema. Nilikuwa nimekaa nimeshika bati, nasikia kila neno. "Hii ni ya ile siku ulimfungia mama yangu mlango." Pwaa! "Hii ni ya ile homa, ukaniambia nijikaze nipakie." Pwaa! Nikamwambia dada, ongeza na ya kwangu, aliwahi kuniita kupe. Akanipa nyundo. "Piga mwenyewe." Nikapiga! Sijawahi kusikia raha kama ile maishani mwangu.

Kichwa kilichobonyea alikinyanyua kwa jeki. Aliweka ubao kwenye sakafu ya ndani ya kichwa, jeki juu yake, gogo juu ya jeki mpaka kwenye paa lake, akawa anapampu taratibu, bati linalia, mpaka likaruka na kurudi mahali pake. Mikunjo midogo aliisawazisha kwa nyundo, mimi nikiwa upande wa ndani nimekinga kipande cha mti. Viraka alivikata kwenye mapipa ya mafuta yaliyotoboka, watu wakayatupa. Hela ya kuchomelea hatukuwa nayo, basi akatoboa matundu pembeni mwa kila kiraka na kugonga ribiti, zile pini za kushikizia bati, moja karibu na nyingine kama mshono wa cherehani. Viganja vyake vilichubuka. Nilipotaka kumfunga kitambaa alikataa, akasema anataka vimkumbushe.

Tukiwa katikati ya kazi hiyo, habari ikaja kutoka machimbo ya kokoto, ambako malori yote ya kwetu yanapata riziki. Jiwe lilikuwa limetoka kwenye bodi iliyotoboka, likavunja kioo cha gari lililokuwa nyuma na kumuumiza mtu. Meneja akapiga marufuku malori mabovu. Mengi yalishakaguliwa na kupewa zamu zao, na ilibaki nafasi moja tu. Walioomba walikuwa wawili: Bwana Kioo na dada.

Nilidhani dada atatetemeka. Alicheka. "Mungu ananipenda," akasema.

Rangi aliiomba kwa mafundi wa majumba, masalio ya makopo. Kijani kidogo, kijivu kidogo, bluu ya shule fulani, zote za mafuta, akazikoroga kwenye ndoo moja. Ikatoka rangi ambayo mpaka leo hakuna anayejua jina lake. Mimi nilisema inafanana na mboga iliyosahaulika jikoni. Alimwagia ardhi maji ili vumbi lilale, tukatundika mashuka kuzunguka lori, akapaka asubuhi kabla upepo haujaamka. Kwanza ile nyekundu ya kuzuia kutu, kisha msasa mwepesi, kisha rangi yenyewe mara mbili, kwa brashi na rola. Michirizi ya brashi ilionekana, na mbu wawili watatu waligandia kwenye mlango. Akasema waache, na wao wapate lifti.

Siku ya ukaguzi Bwana Kioo alikuwa ametangulia. Lori lake lilikuwa limepulizwa rangi karakana, jekundu, linang'aa hadi unaweza kujitazama, na yeye alikuwa anajitazama. Sisi tulipoingia, madereva wakaangua kicheko.

"Mama, hilo umelipaka kwa ufagio?"

"Ndiyo," dada akajibu. "Na ufagio wenyewe haujamaliza kazi."

Mkaguzi alikuwa mzee mfupi mwenye haraka zake. Alilizunguka lori jekundu, akalipapasa kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kwa letu akakunja uso kama aliyeonjeshwa dawa. "Pole, mama. Nafasi nampa huyu."

Bwana Kioo akatupita karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini, "Rudi nyumbani, mama watoto. Kazi hii ina wenyewe."

Damu ilinipanda. Ningekuwa na jiwe mkononi, leo ningekuwa nasimulia kutoka gerezani. Lakini dada alimwendea mkaguzi kwa adabu zake zote.

"Mzee wangu, samahani. Kabla hujampa, niruhusu nikuonyeshe kitu."

Akaenda kwenye lile jekundu, akachuchumaa nyuma ya tairi la mbele, akaweka kidole gumba juu ya ile rangi inayong'aa, akabonyeza. Kidole kikazama chote. Akakivuta, na pande la puti likaanguka kama sahani, na nyuma yake kadibodi iliyolowa, bado ina picha ya sabuni. Akasogea chini ya mlango. Akabonyeza. Akaenda kwenye kona ya nyuma, akabonyeza, tukaona mwanga upande wa pili.

"Anaharibu gari langu! Mshikeni!" Bwana Kioo alikuwa anaruka kama aliyekanyaga makaa.

"Umejuaje?" mkaguzi akauliza.

"Niliziba mwenyewe, tundu baada ya tundu. Nilikuwa mke wake."

Nilikuwa napiga vigelegele tayari, lakini nikavikatiza, kwa sababu yule mzee alimtazama dada kwa jicho lingine kabisa.

"Kwa hiyo fundi wa kadibodi ni wewe."

"Ni mimi."

"Na hilo lako limetengenezwa na nani?"

"Mimi."

Mkaguzi akaomba mtaimbo. Bwana Kioo akapata uhai upya. "Piga, mzee! Piga uone!" Na mzee akapiga. Alipiga ubavuni kwa nguvu ambazo sikutegemea kwa mtu wa umri ule. Rangi ikaruka vipande. Akapiga tena, akapiga kona, akapiga chini ya mlango, kila mahali ambapo lile lingine lilitoboka. Akachomeka ncha kwenye ukingo wa kiraka, akakandamiza kwa uzito wake wote. Nilifumba macho. Nilikuwa nawaona watoto sebuleni, wamejikunja kwenye godoro moja. Dada alisimama mikono kifuani, midomo imepauka.

Ribiti hazikutoka. Kulisikika mlio wa chuma tu, chuma kitupu, kila alipogusa. Mzee aliacha akihema, akajifuta jasho, akatazama ule ubavu aliouchubua mwanzo mpaka mwisho.

"Hili lipakieni," akasema.

Tulipotoka na mzigo, Bwana Kioo alikuwa amesimama njiani, akapunga mkono tusimame. Alishika dirisha la dada kwa mikono yote miwili. Sauti ilikuwa imemlainika.

"Mama watoto, yaliyopita tusameheane. Nizibie yale matundu, basi. Wewe ndiye unayejua yote yalipo. Mimi kwa fundi mwingine nitaanzia wapi?"

"Anza kukata," dada akamjibu. "Ukifika kwenye chuma kizima, simama."

"Nani atakata?"

"Una mikono."

Akaingiza gia. Bwana Kioo aliachia dirisha akiwa amechelewa kidogo, akapepesuka, nikafurahi mno. Tulipofika barabara ya lami nikamgusa bega dada.

"Sasa roho yako imetulia?"

Viganja vyake vilivyochubuka vilikuwa vimeng'ang'ania usukani.

"Bado," akasema. "Kesho tutapita tena hapohapo, niione sura yake. Na keshokutwa."