Hewa na Sweta ya Kijivu

Fundi wa boila tunamwita Hewa. Jina hilo alilipata nyumbani kwangu, kwa marehemu mke wangu. Mara ya kwanza alipokuja, kabla hata ya kuvua koti, aliuliza, "Hewa inaingilia wapi humu?" Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Tumeita fundi wa moto, kaja wa hewa." Jina likaganda. Sasa mtaa mzima haumjui kwa jingine.

Ni mnene. Akichuchumaa magoti yanalia, naye huyaambia, "Nyamazeni, tuko kazini." Kwetu huja mara moja kwa mwaka, asubuhi, baridi ikikaribia. Boila yetu ni ya gesi, iko jikoni ndani ya kabati la mbao. Inapasha maji ya kuoga, na yale yanayozunguka kwenye vyuma vya ukutani ili nyumba ipate joto. Mlango wa kabati una matundu ya hewa, chini na juu.

Kazi yake naijua kwa kuitazama. Haanzii ndani. Anaanzia barabarani, shingo nyuma, aone kama ndege hajajenga kwenye bomba la moshi. Akipanda kwetu ghorofani anatandika shuka kuukuu, anasoma geji ya maji, anapitisha kidole chini ya kila kiungio kutafuta unyevu. Bomba la gesi analipaka povu la sabuni, kisha anangoja. Povu likifura, gesi inavuja. Halafu anafungua kifuniko, anasugua kichomeo, pale panapowaka moto, kwa brashi ndogo kama ya meno, anaingiza mdomo wa kipimo chake kwenye njia ya moshi. Chai haigusi mpaka amalize. Mke wangu alijaribu miaka yote kumnywesha mapema, akashindwa.

Ana jambo moja ambalo sijaliona kwa fundi mwingine. Mwishoni humwinamisha mwenye nyumba kwenye kidirisha cha boila, autazame moto mwenyewe. "Mimi naondoka," husema. "Wewe ndiye unayelala nao." Kwetu aliyeinama alikuwa mke wangu. Mimi sikuwahi.

Ugomvi wao ulikuwa sweta. Mke wangu hakuiweza baridi. Alipigilia msumari juu ya matundu ya juu ya kabati, usiku akawa anatundika sweta yake ya kijivu hapo, asubuhi aivae ikiwa na joto.

"Mama, umeiziba boila pua."

"Nimeiazima tu."

"Pua haiazimwi. Itoe."

"Wewe Hewa, ungekuwa mume wangu ningeshakufa kwa mafua."

"Mafua yana dawa, Mama."

Ataitoa. Hewa hajamaliza ngazi, ameirudisha kumchokoza. Naye chini kule atapaza sauti, "Mama! Nimeona!" Hakuona chochote. Mke wangu atamjibu, "Umeona nini? Una macho kisogoni?" Mwaka baada ya mwaka, maneno yale yale.

Safari hii ilikuwa ya kwanza tangu msiba. Mazikoni Hewa alikuja, akasimama nyuma. Mlangoni alinipa pole, akatandika shuka lake. Kisha akaiona sweta.

Mke wangu aliitundika asubuhi ile ya kwenda hospitali. Alisema akirudi aikute na joto. Hakurudi. Sikuigusa.

Hewa aliufungua mlango wa kabati taratibu, sweta ikining'inia juu yake. Akachungulia moto. Ulikuwa wa manjano, unayumba. Kwenye kifuniko palikuwa na doa jeusi. Akafunga gesi.

"Mzee, asubuhi kichwa kinakuuma?"

"Kinauma."

"Ukitoka nje?"

Nikafikiri. "Kinaacha. Nilidhani ni msiba."

"Msiba hauachi ukifika dukani."

Akaniambia moto ukikosa hewa unatoa sumu isiyo na harufu. Mke wangu aliziba usiku tu, na asubuhi alikuwa anafungua dirisha la jiko. Mimi nimeziba mchana na usiku, na dirisha sijafungua. Akasema aliwahi kuitwa nyumba moja ambako walichomeka godoro kwenye tundu kwa sababu ya upepo. Aliwakuta wamelala wote. Hawakuamka.

Akabonyeza king'ora cha sumu kilichoko ukutani. Kimya.

"Betri ziko wapi?"

"Kwenye redio."

"Redio itakuamsha?"

Nikazitoa kwenye redio.

Akasafisha kila kitu. Alisugua mpaka jasho likamtoka, masizi yakajaa kwenye shuka. Alipofunga skrubu ya mwisho akakaa kwenye stuli.

"Washa basi," nikamwambia.

"Hiyo itoke kwanza."

"Aliiweka mwenyewe."

"Najua."

"Ungeacha kama ilivyo."

"Siwashi, Mzee. Naiacha gesi imefungwa, naondoka. Utaoga maji ya baridi na utanichukia. Nichukie, lakini uwe hai."

Lakini hakuondoka. Nilimpa chai, akasema kazi haijaisha. Simu yake ikaita. "Niko kazini," akasema, akaizima. Alikaa tu kwenye stuli, mikono magotini, na sweta hakuigusa. Vyuma vya ukutani vikaanza kugonga vikipoa. Jiko likaingia baridi. Mimi nilikuwa mlangoni.

Nikaenda nikaitoa. Ilikuwa imepoa.

"Alitaka aikute na joto," nikasema.

Hewa akainuka. Magoti yalilia, hakuyaambia kitu. Akachukua koleo, akang'oa ule msumari kwenye mlango wa kabati, akaunyoosha sakafuni kwa nyundo. Ukuta wa karibu na meza una chuma kimoja cha joto. Akaupigilia juu yake.

"Hapa itapata joto kuliko kule. Hiki chuma hakipumui."

Nikaitundika. Mkono mmoja ulikuwa umejikunja, nikaunyoosha.

Akafungua gesi, akawasha. Kipimo akakirudisha kwenye njia ya moshi, akakisoma, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Kisha akanishika bega. "Inama." Nikainama kwenye kidirisha. Moto ulikuwa wa bluu, mfupi, umetulia. Nilikaa hapo kidogo. Sikujua kama ndivyo ulivyo.

"Ukiuona wa manjano?"

"Nafunga gesi. Nakuita."

"Na dirisha?"

"Nafungua."

Ndipo akanywa chai. Ilikuwa imeshapoa, akaimaliza yote. Akakunja shuka na masizi yake, akashuka ngazi polepole. Mimi nilibaki jikoni. Kabati lilikuwa wazi matundu yote. Chuma kilianza kupata moto, na sweta nayo.

Sauti ikatoka chini.

"Mzee! Nimeona!"

Nikaenda mpaka mlangoni.

"Umeona nini?" nikamjibu. "Una macho kisogoni?"