Auto update ya fremu ya picha imetufutia sura ya marehemu baba

Assalaam alaykum wakuu.

Haya yametokea nyumbani kwetu Wawi, hapa Pemba. Sitii chumvi, maana uchungu wake unatosha.

Marehemu baba alikuwa hapendi kupigwa picha. Ukitoa simu tu, anageuka. Aliyemuweza ni kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Maskati. Likizo moja ya msimu wa karafuu alimpiga nyingi: baba kakaa kwenye jamvi anachambua karafuu, makonyo yake yamemjaa mapajani, anacheka.

Baba alipofariki, kaka akamletea mama fremu ya picha, zile za umeme zinazobadilisha picha zenyewe. Yeye anatuma kwenye app huko aliko, huku zinaingia. Nikafunga wifi, tukaiweka ukumbini. Mama alikaa eda yake yote na ile fremu.

Sasa mama anasali pale pale ukumbini, na hasali palipo na picha ya mtu. Kila ikifika sala anachomoa plagi, akimaliza anachomeka.

"Miye siwezi kusujudu mbele ya sura ya mtu," aliniambia, "hata ikiwa ya babaako."

Nani ambishie?

Siku moja napekua settings nikaona auto update imewashwa, na muda wake ni alfajiri. Waliotengeneza walidhani saa hiyo binadamu wote wamelala. Kwetu ndiyo saa ambayo hata mvivu anagongewa mlango.

Kuizima kunataka password ya mwenye akaunti, yaani kaka. Nikampigia, nikamwambia aizime au aipeleke mchana.

"Weye mambo haya huyajui," akanijibu. "Hiyo ni ya usalama, iache."

Kwetu mkubwa akishasema, mdogo ananyamaza. Nikaiacha.

Haikuchukua muda. Mama kaamka kusali, kakuta kioo cheusi na kimstari kinatembea. Akachomoa kama kawaida yake, akasali. Kuchomeka tena, haiwaki.

Nikaipeleka kwa fundi Chake Chake. Akasema update imekatika katikati, dawa yake ni reset, na picha zote zitaondoka. Nikampigia kaka kwanza.

"Afanye tu, nitazituma tena," akasema. Fundi akafanya.

Kumbe ile simu aliyopigia picha alishaiuza baada ya kuzituma, na backup hakuweka popote. Alipotafuta akakosa, mnajua alisemaje?

"Mwambie mama aache tabia ya kuzimazima vitu."

Yaani mama aliyeamka kumwabudu Mola wake ndiye mkosaji. Yeye aliyekaa na password Maskati hana kosa. Wakuu, iliniuma na inaniuma. Salamu zake siku hizi nazipokea kwa shingo upande.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujaiacha auto update, tazama inafanyika saa ngapi, na saa hiyo nyumbani kwenu watu wanafanya nini. Password ya kitu cha nyumbani iwe kwa aliyepo nyumbani. Na picha za wazee wenu, nawaombeni, ziwekeni sehemu mbili tatu wakati bado mnazo.

Mwenye kujua njia ya kurudisha picha baada ya reset, aiweke hapa, nitamuombea dua. Wa kuja na "ungefanya hivi, ungefanya vile" apite kimya kimya, hayo nimeshajiambia mwenyewe.

Fremu yenyewe inawaka vizuri tu. Ina picha ilizokuja nazo kutoka kiwandani: milima ya barafu, mbwa, watoto wa kizungu wanakula tikiti. Nilimueleza mama kwamba za baba zimefutika zote, akaitikia.

Jana baada ya sala kaichomeka, kakaa mbele yake na tasbihi yake. Nikamwambia chai inapoa.

"Ngoja kidogo," akasema. "Babaako hajapita bado."