Lebo Iliyomrudisha Baba Nyumbani

Saa moja asubuhi, Loretta Ouellette anatambaa darini mwa nyumba ya watu mjini Madawaska, jimbo la Maine. Usoni amevaa barakoa. Mkononi ana bomba nene linalotema magazeti ya kale yaliyosagwa. Ndiyo yanayofukiwa juu ya dari ili joto lisitoroke.

"Nyie mnaandika, mimi nafukia," anawatania waandishi wa habari.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa. Sasa analipwa dola 22 kwa saa. Amepasha joto nyumba za wenzake, yake ikabaki jokofu. Januari mwaka jana kifua kilimbana baba yake, Armand, mwenye miaka 82, ikabidi mzee ahamie kwa dada yake kusini.

"Barafu ilikuwa inaota ndani ya kioo chumbani mwake," anasema Loretta. "Nikapiga goti, nikamwambia Mungu: baba yangu hafii ugenini."

Kiangazi akanunua madirisha manne yasiyopitisha baridi, kwa dola 2,000. Serikali ilikuwa ikimpunguzia kodi mwenye kuweka madirisha ya namna hiyo. Yeye angerudishiwa dola 600. Hizo ndizo alizozitegemea kwa kufukia dari ya chumba cha baba.

Lakini fomu ya kodi hudai namba ya kiwanda, nayo imo kwenye lebo iliyobandikwa kwenye kioo. Wengi huzibandua siku ileile. Loretta aliziacha kiooni miezi saba.

Duane Pelkey, mwenzake kazini, hakumpa nafasi ya kupumua. "Dada, madirisha umenunua au umeazima?"

"Cheka, Duane. Meno hayalipi kodi."

Februari wakakutana maktabani, mbele ya mama anayewajazia watu fomu bure. Duane naye alikuwa amenunua madirisha ya kiwanda kilekile, ila lebo na maboksi alishavitia kwenye jiko la kuni.

"Bila namba, mwanangu, sijazi kitu," mama akamwambia.

Loretta akafungua kitabu chake cha sala, akatoa lebo moja aliyoibandua, imenyooka kama noti mpya. Fomu yake ikapita. Kisha akamsogezea Duane.

"Namba ni ya kiwanda, si yangu. Nakili. Ila fedha zikiingia, una Jumamosi moja ya kazi kwangu."

Ziliingia Machi. Jumamosi hiyo wakafukia dari pamoja. Usiku nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Maji ya kikombe alichokiacha Loretta dirishani mwa chumba cha baba hayakuganda.

Jumapili hii, baada ya misa, Loretta anakwenda kumchukua Armand. Mzee amemsisitizia jambo moja tu kwa simu.

"Hizo lebo zilizobaki, bandua. Mimi narudi nyumbani, siendi kulala dukani."