Ukurasa wa Njiwa

Imetangazwa, kwa barua yenye muhuri iliyobandikwa mlangoni mwa bwalo, kwamba kuanzia Jumatatu urafiki wa mtu na mtu umekoma katika chuo cha ualimu cha wasichana, kwa kuwa ni mabaki ya ubwanyenye, na kwamba mahali pake umeingia urafiki wa wote kwa wote. Albamu za kumbukumbu, zile ambazo wasichana huandikiana mashairi na kubandika maua ya karatasi, zitawasilishwa ofisini asubuhi hiyo ili Ndugu mkaguzi kutoka mkoani azipitie. Atakayekutwa na mwandiko wa mkono wa adui wa umma katika albamu yake atafukuzwa. Albamu safi zitarudishwa.

Ilka Bodrogi aliisoma barua hiyo mara ya kwanza akiwa na njaa. Alipoirudia, njaa ilikuwa imekwisha.

Huu ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, katika mji mmoja wa Hungaria kando ya mto Tisza. Ilka alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yake, mjane, alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli, pale barabara inapokatiza njia ya treni, na waliishi katika nyumba ya shirika la reli, karibu na njia kiasi kwamba vikombe vilitembea mezani kila treni ilipopita. Kufukuzwa chuo kusingeishia chuoni. Mtu mwenye binti wa namna hiyo haachiwi kufungua na kufunga njia ya treni za taifa, na asiyefunga njia hana nyumba.

Na mkono wa adui ulikuwemo. Ulikuwa wa Vilma Szelényi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote chuoni, binti wa kanali wa jeshi la zamani. Mwezi Juni lori liliwachukua Vilma na wazazi wake, na vifurushi vyao, likawapeleka nyikani kulala katika zizi la kondoo. Tangu hapo, mwalimu alipoita majina, aliliruka la Vilma kama mtu anavyoruka dimbwi. Lakini katika albamu ya Ilka alikuwa amekaa palepale, kwa wino wa zambarau: *Kama itakubidi kunisahau, nisahau polepole.* Chini yake jina kamili na tarehe, kama desturi inavyotaka.

Kuuchana ukurasa kusingesaidia. Mgongoni mwake alikuwa ameandika Jolán Kárász, enzi za kidato cha kwanza, kabla hajawa katibu wa umoja wa vijana. Kumchana katibu lilikuwa kosa jingine kamili, linalojitegemea.

Jumamosi Ilka alikwenda duka la karatasi.

"Gundi imeisha, mwanangu," alisema Mama Terka, mwenye duka.

"Hata kile kichupa cha dirishani?"

"Hicho ndicho kilichotangulia kuondoka. Sijui mnabandika nini huko chuoni. Ukuta umeanguka?"

Ilka alisikia tu kwamba gundi hakuna.

Jumapili akakoroga unga na maji jikoni. Miaka mingi baadaye, akiwa mwalimu wa darasa la kwanza, mnene kidogo na mwenye heshima zake, bado hakuweza kunusa unga uliolowana bila kutazama mlango.

Baba yake aliingia, bendera nyekundu kwapani.

"Huo ndio unga wa tambi?"

"Kidogo tu, baba."

Akaitazama albamu, kisha mikono ya binti yake. "Kama ni jina lile, litie motoni liungue, tuishi."

"Nyuma yupo Jolán."

Mzee akaugeuza ukurasa, akaona. "Basi bandika. Halafu weka pasi juu yake. Karatasi ikikauka na makunyanzi, utakuwa umewaonyesha pa kutazama." Akatoka kwenda kufunga kizuizi kwa ajili ya treni ambayo saa yake haijafika.

Juu ya karatasi nyeupe iliyomfunika Vilma, Ilka alichora njiwa wa amani. Njiwa huyo alikuwa kwenye kila ukuta wa mji, na haikuwahi kusikika mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya njiwa. Alitoka kama kuku. Ilka akamwongezea kijiti cha mzeituni, asieleweke vibaya.

Jumatatu wasichana walipanga mstari, albamu vifuani, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake. Jolán alisimama mlangoni akikusanya, midomo imemkauka.

"Bodrogi, usiinyonge hiyo albamu. Haina roho."

Ilka hakujua kama ni mzaha au ni onyo. Aliitoa. Muda mfupi baadaye akaitwa ndani.

Ndugu Halmos, mkaguzi, alikuwa na kidole kinene alichokilamba kabla ya kila ukurasa. Mkuu wa chuo, Mama Etelka, alisimama dirishani. Halmos alisoma mashairi yote ya maua ya urujuani na mioyo ya dhahabu huku midomo ikicheza. Akafika kwa njiwa. Akakaa hapo. Alipoushika ukurasa, ulilia kama mkate mkavu.

"Huyu nani?"

"Njiwa, Ndugu."

"Wa amani?"

"Wa amani, Ndugu."

"Amenenepa."

"Ndiyo, Ndugu."

Kidole kikapapasa ukingo, kikatafuta pa kuingilia. Kisha kikageuza. Mgongoni, kwenye ukurasa wa Jolán, pembe ilikuwa imekunjwa na juu yake pameandikwa: *Siri.*

Halmos akanyanyuka kitini. "Katika chuo cha umma kuna siri?"

Wasichana wamekunja pembe hivyo tangu enzi za bibi zao, na ndani maneno ni yaleyale siku zote, ila wanaume hawakuwahi kuambiwa. Halmos aliifungua kwa kisu kidogo. Akasoma. Masikio yakawa mekundu.

"Soma wewe," akamwambia mkuu wa chuo.

Mama Etelka alisoma kwa sauti ya imla: "Punda ni huyu anayechungulia."

"Kaandika nani?"

"Katibu wetu wa umoja wa vijana. Alikuwa mdogo." Akaligeukia rundo mezani. "Nyingine nazo zina pembe kama hizo, Ndugu. Tuzifungue zote?"

Halmos alilitazama rundo. Akaifunga albamu ya Ilka, akaisukuma upande wa pili wa meza.

Wakati wa chakula cha mchana ilitangazwa kwamba jina la adui wa umma halikuonekana popote, na kwamba urafiki wa aina ya zamani umethibitika kutokuwepo. Ndugu mkaguzi alisifu moyo wa amani wa wasichana, kwani hapakuwa na albamu isiyo na njiwa.

Ilka aliamriwa kuzirudisha darasani. Alizibeba zote kwa pamoja, akizikandamiza kwa kidevu, maana rundo, lililonuka gundi na unga, halikutaka kutulia. Hakuna hata moja iliyofunga sawasawa.