Abiria Wangu wa Alhamisi

Admin, naomba ulifiche jina langu vizuri, maana wenzangu wengi wa kikundi wanaufuata ukurasa huu, na wakinijua sitapata pa kuuweka uso.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, naishi Mbaraki hapa kisiwani. Nilizaliwa bara, nikaja Mombasa nikiwa bibi harusi kwa sababu mume wangu alikuwa na kazi bandarini. Alipofariki aliniachia gari lake la Probox na nyumba ya kupanga ambayo sasa naiona kubwa mno. Binti yetu wa pekee yuko ughaibuni, hupiga simu akipata nafasi, na nafasi haipati. Majirani ni watu wazuri. Tunasalimiana mpaka salamu zinaisha, kisha kila mtu anafunga mlango wake. Mimi si mtu wa kulialia, lakini kuna wiki niligundua sauti imenikauka kwa sababu sikuwa nimezungumza na mtu tangu kanisani Jumapili.

Ndipo nikajiunga na kikundi cha kujitolea. Sisi wenye magari huwafuata wagonjwa vijijini ndani huko, tukawaleta kliniki za kisiwani na kuwarudisha. Hatulipwi, tunachangiwa mafuta tu. Mgonjwa akipona, dereva wake humjulisha msimamizi ili nafasi apewe mwingine. Hiyo ndiyo kanuni yetu kubwa, na ndiyo inayoninyima usingizi.

Nilipewa bibi mmoja wa upande wa Kaloleni, mwenye kidonda cha sukari mguuni. Kwao bibi huitwa Hawe, nami nikamwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilimfungulia mlango wa nyuma ili aunyooshe mguu. Akakataa katakata. "Nikae nyuma, mimi gunia la makaa?" Akaketi mbele, na hakunyamaza mpaka Kibarani. Aliniuliza nimezaliwa wapi, mume wangu aliugua nini, jana nilipika nini. Nikamwambia nilipika wali, uliobaki nikaumwaga. Akauliza, "Kwani ulikula na nani?" Nikajifanya naliangalia lori lililokuwa mbele yetu.

Tangu hapo Alhamisi ikawa siku yangu. Mtanicheka, lakini nilianza kushona magauni ya Alhamisi. Hawe alikuwa akinitania njia nzima: "Kwa mwendo wako huu, mwanangu, hata kobe atatupigia honi." Nami nacheka, mimi ambaye nilikuwa nimesahau jinsi ya kucheka.

Utaratibu wetu ni kumshusha mgonjwa langoni na kumsubiri nje. Mwezi uliopita mvua ilinyesha sana, nikaingia na mwavuli kumchukua. Nilimkuta kwenye benchi katikati ya wagonjwa, anapiga soga. Nikamuuliza nesi kama ameshamsafisha kidonda. Nesi akashangaa.

"Hawe? Kidonda chake kilifunga zamani, dada. Ametuambia yeye huja kumsindikiza bintiye, ati ana shughuli mjini na hapendi kuendesha peke yake. Kwani si wewe?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Tuliondoka, tukavuka Makupa. Kisha nikamuuliza, "Hawe, mbona hukunambia umepona?" Hakutahayari hata kidogo. Akanigeukia, akasema, "Mimi nimepona mguu. Wewe je, umepona? Sasa ningekuachaje?"

Niliegesha gari kando pale Kibarani nikalia, malori yakinipita. Tangu nimzike mume wangu hakuna mtu aliyeniona kwamba naumwa. Muda wote nilidhani mimi ndiye ninayemsaidia yeye.

Lau mambo yangeishia hapo nisingewaandikia. Kwenye kikundi kuna baba mmoja wa upande wa Kinango, figo zimefeli, lazima aje kusafishwa damu, na anatafutiwa gari la Alhamisi. Njia yake na ya Hawe zinaachana Mariakani, siwezi kuwachukua wote wawili wakafika kwa wakati. Wiki iliyopita alikosa gari, akaja kwa bodaboda, akafika uso umevimba, hajiwezi, akalazwa. Mkewe alitutumia ujumbe wa sauti kutushukuru kwa maombi. Ati kutushukuru! Msimamizi akauliza, "Jamani, hakuna mgonjwa aliyepona tupate nafasi?" Niliusoma ujumbe wake, nikazima simu. Niliona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Nimefikiria kumtembelea Hawe siku nyingine kwa mafuta yangu. Nilipomwambia, mwenyewe akatikisa kichwa. Mwanawe humruhusu kutoka kwa ajili ya matibabu tu, vinginevyo anamtaka nyumbani awaangalie wajukuu na mbuzi. "Siku utakayosema nimepona," akanambia, "ndiyo siku ya mwisho kukaa kwenye gari hili. Nami nitakwenda kwa mwanangu nimwambie nini, kwamba nina rafiki mjini?" Nami nikienda pale kwake, nitajitambulisha kama nani? Mwanamke wa bara aliyekuwa akimchukua mama yake kila wiki kumpeleka kliniki na hali haumwi?

Yule baba ameruhusiwa kutoka hospitali. Anahitaji gari kesho kutwa, Alhamisi. Najua mtakaloniambia, na ningekuwa mimi ndiye ninayesoma ningesema hilo hilo, tena kwa ukali. Ujumbe wa kumtumia msimamizi nimeshauandika. Nimeandika kwamba Hawe amepona. Nimeishika simu mkononi, kidole hakibonyezi.

Kwa hiyo siwaulizi lililo haki, hilo nalijua. Nawauliza nyinyi mliowahi kubaki peke yenu ndani ya nyumba: Hawe hana simu, na Alhamisi asubuhi atakuwa ameketi kando ya barabara na kanga yake safi akinisubiri. Nani atamwambia kwamba siji?